Kahawa Niliyoifungia Ikiwa na Joto

Baba,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuniitikia marahaba, lakini ndivyo ulivyonilea. Naandika kwa kalamu yako ya tete, na ukiona herufi zinapanda mlima usinicheke. Tangu tukuzike hapa Nyabiyonza masika mawili yamepita. Leo nina furaha, na sina wa kumwambia kama wewe.

Duka lipo. Ami Salim, ndugu yako, alitaka tulifunge turudi Pangani, ati kahawa ya kutafuna si kazi ya mwanamke. Nikamkatalia. Nilijiona naijua kazi yote: kuichuma ingali mbichi, kuichemsha na majani yake, kuianika siku nyingi mpaka iwe nyeusi. Ulinionyesha kila kitu, Baba, nami nilisikiliza nusu.

"Iache ipoe kivulini kwanza," ulikuwa ukisema kila jioni. Nilidhani ni uzee, unatafuta sababu ya kukaa. Basi siku moja mawingu yalitanda, nikaizoa kahawa mikekani ingali na joto la jua, nikaijaza kwenye vibuyu, nikaziba kwa majani ya mgomba. Nikajisifu kwamba mvua haikuniwahi. Kumbe mle ndani kahawa ilikuwa inatoka jasho.

Kibuyu kimoja kilikwenda Kanoni kwa Mzee Katabaro, aliyekuwa akingoja wageni wa Bugomora waje kumposa binti yake. Unawajua watu wa huku, mgeni hawezi kuanza maneno kabla hajapewa kahawa. Kikapu kikapita. Mkubwa wa wageni akatia buni moja mdomoni, akaitema. Ilikuwa na ukungu. Wakaondoka bila kula.

Lawama ikamwangukia Kokubanza, mke mdogo wa Katabaro, kwa kuwa ndiye aliyeshika kikapu na binti si wa tumbo lake. Watu wa mji ule wakasema ameiroga kwa wivu. Mzee akamwambia afunge mizigo arudi kwao.

Habari ilipofika dukani nikafungua vibuyu vilivyobaki. Vyote vilikuwa vyeupe kwa ukungu. Ami akaniambia, "Nyamaza, Zuhura. Ukisema, jina la kaka yangu limekwisha."

Nikanyamaza. Sikufichi, Baba, nilinyamaza siku mbili nzima. Nilikula, nikasali, nikauza shanga, na huku mwanamke wa watu anafunga mizigo. Nililaumu mawingu. Nikakulaumu na wewe, kwa kufa mapema. Halafu nikaona haya kumtupia marehemu mzigo wangu.

Siku ya tatu nikabeba kibuyu kibovu hadi Kanoni. Kokubanza alikuwa uani, mzigo kichwani tayari, macho yamevimba. Nikapiga magoti mbele ya mzee na majirani, kama mama alivyonifundisha.

"Waitu, mzee wangu, mkeo hana kosa," nikasema. "Kahawa niliiharibu mimi. Niliifungia ikiwa na joto."

Nikakifungua kibuyu, wakanusa mmoja mmoja. Mzee akauliza nani amenituma. Nikajibu hakuna. Kokubanza akautua mzigo wake chini taratibu.

"Basi nenda ukawaambie na watu wa Bugomora," mzee akasema. Nadhani alitegemea nitakataa.

Nilikwenda. Unaijua njia ile, Baba. Miguu ilivimba na funza wakanishambulia vidole, nikafika nachechemea kama bata. Yule mkubwa wao akanisikiliza mpaka mwisho, akaguna, akasema tu, "Tumesikia." Nikarudi nimenywea, nikaanza upya. Nilianika mwenyewe, nikageuza mwenyewe, na kila jioni nikakaa kivulini na kahawa yangu mpaka ikapoa. Ami alipita akinitazama.

Jana wageni wa Bugomora walirudi. Mzee Katabaro aliniita nije na kahawa yangu mpya, akaagiza kikapu kishikwe na Kokubanza yuleyule. Kokubanza akawa wa kwanza kutafuna, mbele ya wote, akanitupia jicho. Kisha yule mkubwa akachukua buni moja. Akatafuna polepole. Akanyoosha mkono, akachukua ya pili. Wanawake wakapiga vigelegele. Nililia waziwazi, Baba, na wala sikujifuta.

Posa imepokewa. Leo tangu asubuhi Ami anawaambia wateja kwamba ni yeye aliyenifundisha kazi. Nimemwachia.

Sasa nakuaga. Mungu akufanyie wasaa huko uliko. Siwezi kukuahidi kwamba sitakosea tena, unanijua. Lakini nakuahidi hili: nikikosea, hakuna mtu mwingine atakayefungishwa mizigo kwa ajili yangu. Nitakwenda mwenyewe, hata kama ni Bugomora.

Binti yako,
Zuhura