Boza la Ngombezi Ndani ya Boksi la Viatu

Old Korogwe,
6 Februari 2025

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Kwa heshima na taadhima, na baada ya kushauriana kwa kina na nafsi yangu peke yake, nautangazia ukoo wote kwamba leo asubuhi nimekata lori vipande viwili kwa wembe. Hakuna aliyeumia isipokuwa kidole gumba.

Sisi hatujambo. Edna mke wangu anakusalimu, na wenye maduka bado wananiita kuwaandikia "Kukopa Marufuku" ukutani, kwa hiyo tunakula. Miguu yako inasemaje? Na kifua cha mama Josefina?

Lori lenyewe ni la plastiki, la kuunga kwa gundi. Chukua lori la kweli, lipunguze mara ishirini na nne. Rafiki yangu Shukuru aliniletea maboksi mawili ya Ulaya kutoka Dar: moja lina lori la kizamani lenye pua, jingine tangi la kubebea maziwa. Nilitaka kuunga kila moja kama karatasi yake inavyoelekeza, niyapange juu ya kabati, yaishe. Halafu likanijia lile boza la maji uliloliendesha kwenye shamba la mkonge la Ngombezi. Picha yake hakuna, lenyewe liliuzwa chuma chakavu, na huko Mazingara Godfrey bado anakuita Utingo mbele za watu. Mjomba, nikiyaoanisha maboksi haya, boza linafufuka! Niambie lilivyokuwa, lote. Nangoja na wembe mkononi.

Mpwa wako,
Benedicto

*

Mazingara,
13 Februari 2025

Mpwa wangu Benedicto,

Marahaba, na marahaba nyingine ya akiba. Tu wazima. Miguu inalalamika lakini inatii. Kifua cha mama Josefina kimepona, naona kwa jinsi anavyofoka.

Barua yako niliipokea kwa kondakta, nikaisoma nimesimama. Usinipigie simu. Huku mtandao unashika mbele ya banda la Godfrey la kuziba pancha tu, na sitaki yule ajue. Naye alikuwa Ngombezi enzi zile, akipima katani. Anadai dereva wa boza alikuwa mtu mwingine, mimi nilikuwa wa kuruka chini na kuweka gogo nyuma ya tairi. Nikimjibu, watu wanacheka upande wake, maana ana sauti kubwa na mimi nina haki tu.

Sasa sikia. Lile halikuwa gari moja. Mafundi wa shamba waliunganisha maiti mbili: kichwa cha lori lililopinduka na tangi la lori lililoungua. Kwa hiyo wewe na wembe wako mnafuata nyayo za karakana. Kichwa kijivu, ila mlango wa kushoto buluu, ulitoka kwa marehemu wa tatu. Bampa ilikuwa kipande cha reli ya troli la mkonge. Boneti ilifungwa kwa kamba ya katani kwa kuwa komeo lilishakufa. Na tangi lisiwe duara kama hilo lako la maziwa! Lilibonyea juu, kama yai la bata lililokaliwa na mtu mzima. Nyuma kulikuwa na bomba lililozungushiwa mpira wa tyubu. Wanawake wa kambini walikuwa wakilisikia tungali mbali, wanatoka na madebe.

Jumapili ya tarehe 27 Aprili wastaafu wa mashamba tunakutana hapa kwangu. Godfrey ameapa mbele ya mashahidi: nikithibitisha, atasimama aniite Dereva mpaka tuzikane. Nikishindwa, niufyate. Fanya haraka, fanya vizuri. Na uniweke ndani, na ile kofia yangu nyekundu ya sufu.

Mjomba wako,
Simeo

*

Old Korogwe,
4 Machi 2025

Mjomba,

Shikamoo. Tu wazima, ila silali vizuri kwa furaha, na Edna halali vizuri kwa harufu ya rangi.

Bampa ya reli tayari! Nimeyeyusha vijiti vya plastiki vilivyobaki kwenye boksi, nikavivuta kwa moto wa mshumaa. Nyufa naziba kwa supagluu na magadi. Ukichanganya inakuwa jiwe kabla hujamaliza kupiga chafya. Mlango buluu nimeupaka kwa rangi iliyobaki kwenye saluni ya Loveness. Katani nimeifuata Ngombezi kwa baiskeli, nikachambua unywele mmoja mmoja nikasokota kamba ya boneti. Vumbi nimelichota hukohuko, nalipuliza juu ya gundi. Mlinzi aliniuliza naiba nini. Nikamwambia vumbi. Akaniruhusu, kwa masikitiko.

Ndani ya kichwa nimeunga kama karatasi ya boksi ilivyoonyesha. Sikuona sababu ya kuumiza akili mahali pasipoonekana.

Limebaki tangi tu. Plastiki yake ni ngumu, haikubali kubonyea.

Mpwa wako,
Benedicto

*

Mazingara,
12 Aprili 2025

Mpwa wangu,

Salamu. Hii ni barua ya pili bila jibu. Unaumwa? Au unaogopa kuniambia?

Mvua imekata njia ya shambani, nashinda nyumbani na mama Josefina, tunatazamana. Godfrey amepata fununu kwa kondakta. Jana alinipigia honi ya baiskeli: "Utingo! Kesho uje ushike pampu!" Watu wakaanguka kwa kicheko. Mimi nikacheka pia, ndiyo iliyoniuma.

Kama limeshindikana, sema tu. Nitawaambia tumbo limenishika.

Mjomba wako,
Simeo

*

Old Korogwe,
23 Aprili 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo, tena kwa magoti yote mawili. Nisamehe ukimya. Mvua zilipoanza, rangi ikagoma kukauka. Nikalipuliza, nikalipepea, wapi. Edna akanionea huruma, nikiwa kazini akaliweka kwenye kichanja juu ya jiko la mkaa. Niliporudi tangi limelainika, limezama katikati. Nilipiga kelele jirani wakatoka. Kisha nikalitazama tena.

Mjomba! Yai la bata! Lilelile! Nikambeba Edna juu juu mpaka akatishia kurudi kwao.

Nawe nimekutengeneza, kwa waya na gundi, kofia nimeikata kwenye soksi ya sufu. Nimekupitisha mlango wa dereva, nikakukalisha, nikaufunga kwa supagluu. Hutoki tena humo, hata kwa kuweka gogo.

Limo ndani ya boksi la viatu, nimelizungushia pamba. Kondakta nimemwapisha. Uwaonyeshe!

Mpwa wako,
Benedicto

*

Mazingara,
28 Aprili 2025

Mpwa wangu Benedicto,

Wewe na Edna hamjambo? Sisi tu wazima, na nyumba bado ina harufu ya pilau.

Limefika salama. Nililifunika kwa kanga ya mama Josefina mpaka wote wakakaa, kisha nikaifunua polepole, kama wanavyofanya wakubwa wakizindua zahanati. Mpwa wangu, ungekuwepo! Mzee Castory, aliyekuwa akisukuma troli, aliigusa bampa akasema, "Reli yetu hii." Akakaa chini bila kutafuta kiti. Agripina aliyekuwa akichota maji kambini alikiona kile kibomba akapiga kigelegele. "Ndilo! Ndilo! Leteni debe!" Wengine wakaonyeshana mlango buluu, wakaanza kusimuliana vifo na harusi. Watu wazima walibishana zamu ya kulishika.

Godfrey alikuja mwisho. Akavaa miwani ya kusomea. Akazunguka nyuma, akazunguka mbele, akatingisha kichwa.

"Boza lilikuwepo, nakiri," akasema. Kisha akachungulia kwenye kioo. "Simeo, huyu mwenye kofia nyekundu ni wewe?"

"Ni mimi!"

"Una hakika?"

"Kofia yangu siijui?"

Wakapiga makofi. Wallahi walipiga makofi, hata mama Josefina. Godfrey akangoja yaishe. Akavua miwani, akampa Castory. Castory akachungulia, akampa Agripina. Agripina akanipa mimi bila kunitazama.

Umenikalisha vizuri, mpwa wangu, upande wa kulia, mgongo wima, uso mbele. Usukani uko kushoto.

Mjomba wako,
Simeo