Herufi B Iliyobaki Kooni

Jumamosi, alasiri. Nipo Lipingo, ukweni. Ziwa limetulia kama uji uliopoa.

Wananchi wa Mbinga, abiria mnaosubiri gari pale Kitai, na ninyi wasomaji wangu saba waaminifu: kwa masikitiko makubwa natangaza kwamba kikompyuta changu kimesimamishwa kazi leo asubuhi kwa kosa la kulala kazini. Kikao kimefanyika jikoni. Azimio limepita bila kupingwa. Mtuhumiwa hakupewa nafasi ya kujitetea.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: mimi ni mwalimu wa fizikia, nalima kahawa huko mlimani Mbinga, na nina ugonjwa wa vikompyuta. Hiki changu ni kibao kimoja tu, kidogo kuliko kipande cha sabuni ya kufulia, hakina kioo wala kibodi. Unakichomekea unachotaka, halafu unakifundisha kazi. Nimekifundisha nyingi. Kilipiga nyimbo za kwaya mpaka siku kilipokwama kwenye "amina" moja kwa robo saa. Kilipima unyevu wa kahawa kwenye vichanja, kikaniambia mvua inanyesha na jua linawaka. Kumbe kuku alikuwa amekalia kipimo. Mke wangu Anjela akasema, "Mwalimu, hicho kitu kingekuwa mtoto ungeshakipeleka kwenye maombi."

Halafu mamba akaonekana karibu na pale wanawake wa ukweni wanapooga na kuchota maji. Kwa mara ya kwanza nikakipa kazi ya maana. Nilifunga kamera kwenye nguzo, ikawa inatazama maji kuanzia wanapofulia kwenda nje, si wanapooga. Kitu kikubwa kikisogea, honi inalia. Umeme wake unatoka kwenye betri ndogo ya sola.

Mwanzoni kililia kwa kila kitu: bata, mtumbwi, gogo. Kilimlilia hata Ester, mdogo wake Anjela, akiwa amejiinamia anafua.

"Shemeji," aliniambia, "mashine yako imeniita mamba mara nne. Ya tano nahamia kwenu mlimani, utanilisha wewe."

Nikakirekebisha, kikatulia, watu wakanisifu. Hakuna aliyeona tulichokifanya, mimi nikiwa wa kwanza kutokuona. Watu waliacha kutazama maji. Wakawa wanatega sikio tu. Honi ikinyamaza, ni salama.

Leo asubuhi nipo barazani, nakula mihogo, nikamsikia mama mkwe nyuma ya nyumba.

"Ester, mashine ya mkwe imelia?"

"Haijalia, Mama."

"Haya, acha nikaoge."

Nikatafuna mara mbili zaidi. Kisha nikainua macho nikatazama nguzoni. Taa ya kijani ya kikompyuta, inayoonyesha kiko macho, haikuwa inawaka.

Kwa nini ilizimika nitasema mwishoni. Sijapata moyo bado.

Nilikimbia. Mtu wa umri wangu na tumbo langu akikimbia, kuku wanampisha kwa huruma. Nikafika kwenye matete, nikasimama kama niliyegonga ukuta. Ng'ambo ya matete wanaoga wanawake, na mwanamume hapiti. Mkwe ndiyo kabisa. Miaka yote ya ndoa yangu sijawahi kula sahani moja na mama yule, wala kumpa mkono. Tunasalimiana kwa mbali, mimi nikitazama chini. "Shikamoo, Mama." "Marahaba, baba." Basi, kila mtu na njia yake.

Kupitia matete niliona gogo.

Nimeyatazama magogo mengi kupitia ile kamera, nayajua tabia zake. Gogo linakwenda na mawimbi. Hili lilikuwa linakwenda kinyume.

Nikapiga kelele, "Mamba!"

Yaani hivyo ndivyo nilivyokusudia. Pumzi sina, koo limekauka, na ile b ikabaki kooni. Kilichotoka kilikuwa "Mama!"

"Abee, baba?" akajibu, kwa adabu zote.

"Mama! Mama!"

"Nakusikia, baba. Subiri huko huko, naoga."

Nikapasua matete nikapita. Na yule mama, kuona mkwe wake anamtokea pale alipo, alifanya ambacho mama yeyote wa heshima angefanya. Hakutoka. Alichuchumaa ndani ya maji mpaka shingoni, akajisogeza nyuma, kule kwenye kina.

Akajisogeza kule kule.

Sijawahi kuogopa namna ile. Kila nikipiga hatua mbele, yeye anarudi nyuma kwa aibu. Nikaelewa kwamba heshima yangu na heshima yake, zikiwa pamoja, zinampeleka mdomoni mwa mnyama.

Khanga yake ilikuwa juu ya jiwe. Nikaichukua, nikageuka, nikalipa ziwa mgongo. Nikaanza kuingia majini kinyumenyume, nimeinyoosha khanga nyuma yangu, macho kwenye milima. Mimi, mtu wa mlimani, ambaye hata kwenye beseni sijiamini. Maji yakafika magotini. Yakafika mapajani. Sikujua nyuma yangu kuna nini, wala ni kipi kitaishika ile khanga kwanza.

Kikaishika kitu.

Nilifunga macho.

"Una nini leo, baba?" Sauti ilikuwa karibu kabisa. "Unaumwa?"

"Mnyama," nikasema. Neno hilo halina b, likatoka lote.

Hakuuliza tena. Alinipita mbio majini akiwa amejifunga khanga vibaya, akaniburuta kwa shati, mkwe na mkwe, mpaka mchangani. Tulipogeuka, gogo halikuwepo. Ester, aliyekuwa amefika na mwiko mkononi, aliliona likizama, likaibuka pembeni ya matete, likapiga mkia.

Basi nikawa shujaa. Mchana nimepikiwa mbasa, samaki mtamu wa ziwa hili, nikapewa upande wa kichwa. Ester anaigiza kutembea kwangu kinyumenyume kwa kila anayepita. Lawama zote amebebeshwa kikompyuta, na mama mkwe, kwa huruma yake, akanituliza kwa mbali: "Usijali, baba. Vyombo navyo vinachoka."

Nikala mbasa.

Sasa niseme kilichotokea kweli.

Kikompyuta hakikulala. Alfajiri simu yangu ilikuwa inakaribia kuzima, na ile betri ina tundu moja tu linalofanya kazi. Nilichomoa waya wa kikompyuta nikachomeka wa simu. Dakika tano, nilijiambia. Nilitaka kuona kama kuna mtu ameacha maoni hapa, chini ya ile habari ya wiki jana nilipojisifu kwamba mashine yangu inalinda ziwa. Yalikuwepo maoni mawili. Nikayasoma, nikafurahi, nikaenda kula mihogo. Baada ya yote, watu wakiwa bado wanamfariji Mama, nilienda nguzoni nikaurudisha waya kimya kimya.

Anjela, ukiyasoma haya kabla sijakupigia simu, ni kweli. Nilikaribia kumuua mama yako kwa ajili ya maoni mawili.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini sasa hivi Mama amepita na ndoo, akasimama mbali kama kawaida, akauliza, kana kwamba azimio la jikoni halikuwepo, "Baba, mashine imelia?"

Nikamwambia. Yote, na waya, na simu. Nilikuwa natazama chini, kwa hiyo uso wake sijui ulikuwaje. Kisha nikaona miguu yake inasogea, karibu kuliko ilivyowahi kusogea, na ndoo ikawekwa mbele yangu.

"Haya," akasema. "Kachote wewe."

Taa ya kijani inawaka. Nimeitazama mara tatu. Bado naogopa, lakini naenda, na safari hii nitatazama maji.