Barua yenye mhuri

Jumatano

Bado nina hasira na mume wangu. Leo dukani, mbele ya wateja, amemwambia Mzee Saidi eti serikali si Mungu, haiwezi kujua kila gaidi anayevuka mto wa mpakani.

Mzee Saidi anauza vitenge duka la pili kutoka letu, hapa Kariakoo. Mwezi uliopita magaidi walichoma kijiji cha dada yake huko kusini. Dada hakutoka.

Mzee hakugomba. Alitoa mfukoni nakala ya barua ya kijiji: kuna watu tusiowafahamu msituni, wana silaha, tunaomba askari. Sahihi ya nne ni ya dada yake. Na mhuri wa wilaya, IMEPOKELEWA, wiki tatu kabla ya moto.

"Baba Neema," akamwuliza mume wangu, "hapo alitakiwa Mungu, au mtu wa kusoma tu?"

Mume wangu akasema mambo ya usalama hatuyajui. Nami nikanyamaza, kama mke mwema. Hilo ndilo linaloniuma.

Ukutani tuna tangazo la serikali ya mtaa: UKIONA USIYEMFAHAMU, TOA TAARIFA. Wakati wa kufunga nimelibandua. Mume wangu akauliza kulikoni.

Nikamwambia, dada yake Mzee Saidi alitoa.