Bado Unawauzia Maji ya Dhahabu

Mwanahawa, shoga yangu,

Bado unaongea. Wenzio wamekusomea hitma, na mimi Mmakua wa Masasi, Mkristo wa watu, nimekaa mkekani nao mpaka mwisho. Lakini kila asubuhi nikifungua duka la vitenge nakusikia mtaa mzima: "Mimi naitwa Mwanahawa wa Mchafukoge. Nilikuwa na uvimbe kwenye titi. Sasa nimepona kabisa, jamani!" Halafu unacheka. Halafu unaanza upya. Spika ya yule tapeli jirani yangu haichoki.

Nasikia kinyaa, shoga. Juzi nimetapika kweli, nyuma ya duka, watu wakadhani nina mimba. Kwa umri huu!

Yule anayejiita Dokta alikurekodi wiki ile ulipopata nafuu kidogo, nawe uliongea kwa moyo mweupe. Alikuwa amekuambia ukinywa maji yake ya dhahabu, dhahabu inakwenda kukaa kwenye uvimbe, kisha taa yake nyekundu inauchoma kutoka nje. Ukawa unakaa nyuma ya pazia kifua wazi, mimi nimekushikia kanga. "Felista, nausikia kabisa unavyoungua." Joto lilikuwepo, sikatai. Ile taa nimeikuta kwenye duka la vyakula vya kuku. Ni ya kulelea vifaranga. Na hiyo dhahabu ni ule unga wa kumetameta wanaoupaka kwenye kucha za maharusi. Ulinyweshwa mapambo ya kucha, Mwanahawa. Mshenzi yule.

Kinachonichefua zaidi ni kwamba hakutunga yote. Nilimuuliza yule daktari wa kike aliyekupokea hospitali tulipokupeleka tumeshachelewa. Akaniambia jambo lenyewe lipo. Wataalamu wanatengeneza chembe za dhahabu ndogo mno, jicho haliwezi kuziona, wanazipeleka mwilini kwa sindano mpaka zikajikusanye kwenye uvimbe, halafu wanaumulika kwa mwanga maalumu. Chembe zinapata moto, uvimbe unaungua, nyama ya jirani inabaki salama. Lakini bado wanalifanyia utafiti, na hakuna anayekunywa chochote kwenye kikombe. Akasema pia titi lako lingewahiwa, dawa zilizopo hapa hapa mjini zingeweza kukusaidia. Nilitoka bila kumuaga. Watu wanakesha wakitafuta tiba, huyu anachukua kazi yao anafunikia uchafu wake!

Nilipomwambia umefariki, alisema, "Pole sana, mama," akaongeza sauti ya spika. Serikali ya mtaa wananiambia nisubiri.

Jana mama mmoja alisimama kukusikiliza, mkono mmoja ndani ya ushungi, ameshika titi. Ulipocheka, naye akatabasamu. Nikamkimbilia nikamwambia huyo unayemsikia ni marehemu. Akanitazama juu mpaka chini. "Dada, wivu wa biashara mbaya." Akaingia kwa yule Dokta. Kariakoo hii, nani atamwamini mwenye duka anayemsema jirani? Hapa watu wanasikiliza spika.

Basi nimenunua ya kwangu.

Kurekodi kumenitoa jasho. Jina lako nalisema vizuri, nikifika kwenye "amekufa" nakatisha. Nimerudia, nimerudia. Leo nimefika mwisho huku nalia, na nimeacha hivyo hivyo, kilio na makamasi: "Huyo mnayemsikia ni shoga yangu Mwanahawa. Hakupona. Amekufa kwa kansa hiyo hiyo. Mwenye uvimbe aende hospitali, leo, asipite hapo." Spika nimeifunga juu ya mlango, inatazamana na ya kwake.

Samahani, itakuwa kama nakuumbua mbele za watu. Wewe utasema umepona, mimi nitasema umekufa, kutwa nzima. Ila yule mama wa jana hanitoki kichwani.

Shida yangu ni moja. Nimepekua simu yangu yote na ya mwanao. Picha zako zimejaa, sauti hakuna hata moja. Kicheko chako kimebaki kwenye lile lispika la mwizi peke yake.

Pumzika, shoga. Kesho nikifungua duka naiwasha, na nakuahidi sitaizima mpaka ya kwake inyamaze. Siku hiyo sitakusikia tena mahali popote. Nitaiwasha tu.

Wako,
Felista