Soko Lisikatiwe Kwanza

Neema mjukuu wangu,

Tangu utotoni sijaisahau sauti ya mashine ya kusaga pale sokoni ikififia, umeme umekatika, uwele wa mama haujaisha kusagwa. Marahaba kwa shikamoo yako, ingawa mimi ni bibi yako kiukoo tu na nimekuzidi miaka minane; mama hajambo. Unauliza kama kijana anaweza kupinga wakubwa kikaoni.

Juzi madiwani walijadili mkataba wa jiji kununua umeme kwa jumla. Mimi, mwanasheria wao mdogo, nikaonyesha kifungu kinachotaka umeme ukipungua, soko likatiwe kwanza.

"Binti, kaa," mwenyekiti akasema.

Nikabaki nimesimama.

"Mwache amalize," akadakia diwani muuza unga. "Au mwenyekiti wetu huli ugali?"

Walicheka, wakakifuta kifungu kile kwa kauli moja.

Kabla ya kikao nilikuwa nimepangiwa uhamisho wa kwenda Dar es Salaam. Sasa nabaki hapa kuusimamia mkataba huu. Barua ya kukataa uhamisho nimeipeleka leo asubuhi.

Bibi yako,
Anna