Yai la Jiwe Kiotani

Mama Kosmas, mke wangu uliyetangulia,

Naandika kwa mkono wangu. Katekista alitaka kuniandikia, nikakataa. Mtu anayependa kuandika barua za wenzake ana lake jambo. Na mimi shuleni Kigonsera nilisoma mpaka padri mwenyewe akasema inatosha.

Unamkumbuka yule Mzungu wa mawe, aliyekuja na nyundo na wapagazi? Aliliona yai lako la jiwe, lile tuliloliokota mtoni Ruhuhu, ukaliweka kiotani kuwadanganya kuku watage palepale. Akalitazama kwa kioo chake.

"Hili ni yai kweli, la mjusi mkubwa wa kale. Jiwe tupu halina ganda lenye matundu ya kupumulia." Akasema huko kwao watalipatia jina kwa kufuata ganda, maana mama yake hajulikani.

"Mama yake namjua mimi," nikamwambia. "Andika jina langu."

Ukacheka. "Baba Kosmas, ulikuwepo akitaga?"

Wapagazi wakaangua kicheko. Ukamwuliza Mzungu kuku wako watataga wapi, kisha ukakubali alichukue. Upesi hivyo! Wewe uliyempimia jirani chumvi kwa ncha za vidole! Ukaingia ndani, ukalifunga mwenyewe kwa kitambaa, ukamkabidhi.

Kila Jumapili nikatangaza nje ya kanisa: jina langu liko Ulaya. Likaja jibu kutoka Ulaya, Katekista akalisoma kanisani: lililofika ni jiwe la mto, halina ganda, halipewi jina. Nikasema Mzungu mwizi, kaliita kwa jina lake. Katekista naye nikamwambia kasoma vibaya kusudi. Wewe ulikuwa unachambua maharage, kimya. Mimi ninayemshuku kila mtu, kimya kile sikukishuku.

Juzi kuku kahama, nikapekua chini ya majani ya kiota. Limo! Nikalitoa juani: matundu, madogo kama ya ncha ya sindano. Miaka yote hiyo nagombana na Ulaya, kumbe Ulaya ni wewe, uliyefunga jiwe la mto kitambaani!

Sasa kuna Mzungu mwingine wa mawe yuko Kitai, anauliza habari zangu. Nikimpelekea, jina langu litaandikwa. Lako nalo watalitaja: mwongo.

Jumapili nimesimama mbele ya watu nikasema nilikosea, lilikuwa jiwe tu. Wamecheka kuliko wale wapagazi. Katekista kacheka mpaka kakohoa. Huyo namweka akilini.

Yai nimelirudisha, tetea keshalikalia. Aliyelitaga hajulikani, sawa. Aliyelificha namjua, nami nimeliita kwa jina lako.

Kama kuna jingine ulinificha, sema mapema, maana nimeanza kupekua hata chungu cha mbegu.

Ni mimi mumeo, nisiyedanganyika mara mbili,
Baba Kosmas