Kibao cha Ottersey

Nyumba ya Kasisi,
Ottersey, Somerset,
Uingereza.
9 Desemba 1960

Mpendwa mdogo wangu Ambrose,

Salamu tele kwako, kwa Joan na watoto. Kifua chako kinaendeleaje huko New Zealand? Sisi tu wazima. Baba yu hai. Naanza na hilo usije ukaruka mistari kwa hofu.

Jumapili mto ulibomoa tuta, maji yakafurika bondeni. Kijiji kizima tukapandisha ng'ombe kilimani kwenye uwanja wa kanisa, kama desturi. Baba aliwatoa ng'ombe, yeye mwenyewe akagoma kutoka. Mkaidi yule! Akakaa ngazini na mbwa wake, akirudia wimbo wake uleule: "Hapa ni Ottersey, kisiwa cha fisi maji. Hiyo ey ni kisiwa kwa lugha ya mababu, na kisiwa hakizami."

Unayakumbuka maneno hayo. Ulipombishia kwamba lile shamba ni bwawa, alikufukuza, na kwa miaka kumi na moja hajakutaja.

Kasisi akanifungulia sanduku la ramani za kale. Ambrose, sikiliza haya. Ottersey imeandikwa huku juu tu, kuzunguka kanisa. Shamba letu ni Meremead, yaani uwanda wa bwawa. Nyumba ya babu ilipoungua huku kilimani alijenga kule bondeni, akahama na kibao cha jina.

Bwana Perrett akanipeleka kwa mashua yake. Maji yalikuwa nusu ya mlango. Nikapiga kelele chini ya dirisha la juu.

"Baba, jina ni la kilimani! Babu alilihamisha!"

"Nani kakwambia?"

"Ramani ya kanisa. Toka, baba, nakuomba!"

"Mzee, mashua inavuja hii," akasema Perrett. "Ukitaka kubisha, kabishie kanisani."

Baba akainama dirishani. Mimi nilikuwa nalia waziwazi. Kisha akasema, "Najua, Hester. Mimi ndiye niliyemshikia babu yako misumari ya kibao."

Akashuka kupitia dirishani na mbwa wake. Tulipopita mlangoni alinyoosha mkono, akaking'oa kile kibao kwa patasi aliyoshuka nayo. Sasa kimeegemea ukuta wa chumba anacholala, hapa kwa kasisi.

Shangazi Maud anakusalimu, na Perrett pia. Mungu awafunike na mema nyote. Hapa chini nimemwachia baba nafasi. Ameshika kalamu tangu chai ya asubuhi.

Akupendaye siku zote,
dada yako Hester

Ambrose, ni bwawa. Njoo. Baba.